Je, Wajua? Cheche Ndizo Zinazounguza Nyumba

Je, wajua kwamba moto mkubwa wa msituni unapovamia makazi ya watu, nyumba nyingi hazichomwi na ndimi za moto wenyewe? Ukitazama picha zinazotoka Australia msimu wa joto ukiingia, utadhani ni ukuta wa moto unaofika na kuramba kila kitu. Tarehe 16 Februari 1983, siku inayokumbukwa kama Jumatano ya Majivu, moto uliua watu 75 katika majimbo ya Victoria na Australia Kusini. Watafiti waliokwenda kukagua mabaki nyumba kwa nyumba walikuta habari tofauti na ile ya kwenye picha. Walilinganisha zilizoteketea na zilizopona, wakawahoji waliokuwapo. Nyingi zilikuwa zimewashwa na cheche na vipande vya magome vilivyorushwa na upepo. Cheche hizo huanza kumiminika kabla moto haujafika, na huendelea kwa saa kadhaa baada ya moto kupita.

Zinaingilia wapi? Kwenye gata iliyojaa majani makavu, chini ya kigae kilicholegea, kwenye mwanya wa dari, mkeka wa mlangoni, rundo la kuni lililoegemezwa ukutani. Mwanzoni huwa ni kijimoto ambacho mtu mmoja mwenye ndoo na tambara lililoloa angekizima. Akikosekana mtu huyo, nyumba inakwenda. Ndiyo maana kanuni za Australia za ujenzi katika maeneo ya moto, ziitwazo AS 3959, zinadai matundu ya hewa yafunikwe kwa wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita 2. Ni wavu wa bei ndogo, na umetokana na kazi ya watu waliopekua majivu.

Mikaratusi ina mchango wake katika balaa hili. Miti hiyo, ambayo sisi tunaipanda kwa nguzo na kuni, kwao Australia ni ya asili, na aina kadhaa huambua magome marefu membamba kama riboni. Gome likishika moto na kunyanyuliwa na hewa ya joto, huweza kusafiri mbali sana likiwa bado linawaka. Imewahi kuonekana mioto mipya ikizuka zaidi ya kilomita 30 mbele ya moto mama. Mzimamoto anayepambana na moto ulio mbele yake huenda tayari ana mwingine nyuma ya mgongo.

Je, wajua kwamba watafiti waliwahi kuchoma msitu zaidi ya mara 100 kwa makusudi ili wajue moto unavyotembea? Mradi huo uliitwa Vesta. Kati ya 1998 na 2001, wanasayansi wa shirika la utafiti la taifa, CSIRO, walishirikiana na idara ya misitu ya jimbo la Australia Magharibi kugawa msitu katika vitalu. Walipima majani makavu, vichaka na unyevu, wakawasha moto na kuufuata kwa saa na vipimo. Kabla ya hapo, makadirio mengi yalitokana na kazi ya Alan McArthur, mtaalamu wa miaka ya 1960 ambaye mioto yake ya majaribio mingi ilikuwa midogo na ya siku za utulivu. Vesta ilionyesha kwamba katika siku mbaya makadirio ya zamani yaliweza kupunguza kasi halisi kwa nusu au zaidi. Afisa aliyeambiwa moto ungefika baada ya saa mbili angeweza kuukuta mlangoni baada ya saa moja.

Kuna kanuni moja ya McArthur ambayo bado inafundishwa kwa kila mwanafunzi wa zimamoto: kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, moto unaopanda kilima huongeza kasi maradufu. Mwinuko wa nyuzi 20 ni mara nne. Aliyejenga nyumba juu ya kilima ili apate mandhari na upepo mzuri anapaswa kulijua hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Je, wajua kwamba hatari kubwa kwa askari wa zimamoto mara nyingi huwa ubavuni mwa moto, wala si mbele yake? Kusini-mashariki mwa Australia, siku za moto mkali huanza na upepo wa joto kutoka kaskazini, kisha ghafla huja upepo wa kusini-magharibi. Moto uliokuwa mrefu na mwembamba, wenye ubavu wa kilomita nyingi uliotulia, hugeuka wote ukawa uso wa moto. Tarehe 2 Desemba 1998, karibu na mji wa Linton, Victoria, wanazimamoto 5 wa kujitolea walifariki ndani ya gari lao upepo ulipogeuka hivyo. Tangu hapo mafunzo yalibadilika. Wazimamoto hufundishwa kubakiza maji ya kujiokoa kwenye tangi hata kama moto unawaita, na magari yamejaribiwa kwa kuzungushiwa miali ya kweli ili kuona mapazia ya kukinga joto na vinyunyizio vya maji vinamlinda mtu kwa muda gani.

Maswali ya namna hii hayajibiwi na mtu wa maabara peke yake. Mwaka 2003 Australia ilianzisha kituo cha ushirikiano wa utafiti wa moto wa msituni, kilichoketisha pamoja vyuo vikuu, CSIRO, Idara ya Hali ya Hewa na mashirika ya zimamoto ya Australia na New Zealand. Kazi hiyo ikarithiwa na kituo kingine kilichoongeza mafuriko na vimbunga, na tangu Julai 2021 inaendeshwa na taasisi iitwayo Natural Hazards Research Australia. Kinachonivutia katika mpango huo ni kwamba anayeuliza swali ni yule atakayelitumia jibu. Kumbuka pia kwamba wengi wa wazimamoto wa vijijini huko hawalipwi mshahara. Jimbo la New South Wales pekee lina wanachama zaidi ya 70,000 wa kujitolea: wakulima, walimu, mafundi, wanaoacha shughuli zao king'ora kikilia.

Halafu ikaja Jumamosi Nyeusi. Tarehe 7 Februari 2009 jiji la Melbourne lilifikia nyuzi joto 46.4, na moto ukaua watu 173 katika jimbo la Victoria. Kipimo cha hatari alichokibuni McArthur kilikuwa kimewekewa 100 kuwa mfano wa siku mbaya kuliko zote, ile ya Ijumaa Nyeusi ya tarehe 13 Januari 1939. Siku hiyo ya 2009 kipimo kilipita 100 kwa mbali.

Siku chache baadaye, timu za watafiti ziliingia katika maeneo yaliyoungua. Walipima nyumba, wakachora njia za moto, wakakaa na mamia ya walionusurika kuwasikiliza kwa utulivu. Hebu fikiria kazi hiyo: kumwuliza mtu aliyempoteza jirani yake alikuwa amepanga nini, alisikia nini, aliamua saa ngapi. Majibu yao yalitikisa sera iliyokuwa imeaminiwa kwa miaka mingi, ya kwamba mwenye nyumba ama ajiandae abaki alinde nyumba yake, ama aondoke mapema. Ilionekana kwamba watu wengi hawakuwa katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Walikuwa wanasubiri waone. Walingoja moshi, au simu ya ndugu, au askari aje abishe hodi. Wengi hawakujua moto upo karibu mpaka walipousikia ukinguruma.

Kati ya waliokufa, 113 walikutwa ndani ya nyumba. Baadhi yao walijificha bafuni, na hili naomba ulishike. Akili ya mtu hukimbilia penye maji na vigae. Lakini bafu la kawaida lina dirisha dogo na mlango mmoja unaorudi ndani ya nyumba. Mtu aliyejifungia humo haoni moto ukipita nje, hajui dari inawaka juu yake, na wakati wa kutoka hana pa kutokea. Ushauri wa sasa ni kujikinga katika chumba chenye mlango wa kutokea nje, kuchungulia kila mara, na kuhamia ardhi iliyokwisha kuungua mara moto unapopita au nyumba inapoanza kuwaka.

Tume ya uchunguzi ilitoa mapendekezo 67 mwaka 2010, ikasema wazi kwamba maonyo mengi yalichelewa au hayakufika kabisa. Tayari baada ya moto huo ulikuwa umeanzishwa mfumo wa taifa wa kutuma maonyo kwa simu, na ngazi mpya ya hatari ikaongezwa juu ya zote, ngazi ya maangamizi, ambayo siku ikitangazwa ushauri ni kuondoka tu. Watafiti wa mawasiliano nao waliletwa kupima maneno ya onyo lenyewe kwa wananchi: lipi linaeleweka, lipi linamfanya mtu ainuke kitini. Leo onyo la ngazi ya juu huweza kumwambia mtu moja kwa moja: umechelewa kuondoka, jikinge sasa. Mwaka 2022 nchi nzima ilianza kutumia mfumo mmoja wa ngazi nne za hatari, unaojua kwamba nyasi, vichaka na msitu haviungui kwa namna moja.

Je, wajua watu hufia wapi hasa? Uchunguzi wa vifo 825 vya moto wa msituni vilivyotokea Australia kati ya 1901 na 2011 ulionyesha kwamba takriban 78 kati ya kila 100 vilitokea ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa msitu. Jambo ambalo wengi zaidi walikutwa na mauti wakilifanya ni kuondoka kwa kuchelewa.

Na je, wajua kwamba moto huweza kujitengenezea hali ya hewa? Ukiwa mkubwa vya kutosha, moshi na joto hupanda hadi kuunda wingu la radi, na radi hiyo huwasha mioto mingine. Canberra, tarehe 18 Januari 2003, ilishuhudia kikubwa zaidi: moto ulioua watu 4 na kuteketeza nyumba karibu 500 ulizaa tornado halisi ya moto iliyong'oa miti na kuezua mapaa. Ilichukua karibu muongo mmoja wa kupitia picha za wananchi na taarifa za rada kabla wataalamu hawajakubali kwamba kweli ilikuwa tornado.

Kaskazini mwa nchi hiyo, mwewe nao wanatajwa kusambaza moto. Wenyeji asilia wa Australia wamesimulia kwa vizazi kwamba mwewe na kozi fulani huokota vijiti vinavyowaka na kuvidondosha kwenye nyasi ambazo hazijaungua, ili panzi na panya watoke mbio. Mmoja wa ndege hao ni wa jamii ileile ya mwewe anayenyakua vifaranga kwetu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha ushuhuda wa wenyeji pamoja na wa wazimamoto waliosema wameona kwa macho yao. Kwa anayelinda mkuza wa kuzuia moto, habari hiyo ina maana: asilaumu mtu kila moto unaporuka.

Wenyeji hao wana mengi zaidi ya kufundisha. Magharibi mwa Arnhem Land, hukohuko kaskazini, watu walipohamishwa kwenda kwenye misheni na mijini katika karne iliyopita, nchi ilibaki bila mchomaji, na badala ya mioto midogo ya kila mwaka ikaja mikubwa ya mwisho wa kiangazi. Wazee kama mchoraji mashuhuri Bardayal Nadjamerrek walikaa na wanasayansi, wakarejea porini pamoja. Utaratibu ni kuwasha mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, jioni upepo ukiwa umetulia, ili umande wa usiku uuzime moto wenyewe. Mwaka 2006 kampuni ya gesi ya Darwin ilitia saini mkataba wa kuulipia mradi huo, katika eneo la kilomita za mraba 28,000, kwa sababu moto wa mapema hutoa hewa chafu kidogo kuliko wa mwishoni. Walinzi wa ardhi wakapata ajira kwao. Ujuzi huo umepelekwa Botswana, na huku kwetu wilayani Kilwa vijiji vyenye misitu ya mpingo vimejaribu uchomaji wa mapema kwa lengo linalofanana.

Mwisho kuna moshi, na hapa hesabu inauma. Mioto ya 2019 na 2020 iliua watu 33 moja kwa moja, wakiwemo wazimamoto 9. Moshi wa mioto hiyo, kwa makadirio ya watafiti wa afya, ulisababisha vifo vya mapema 417 mashariki mwa Australia, pamoja na maelfu ya wagonjwa wa moyo, mapafu na pumu waliofikishwa hospitalini. Wengi wao walikuwa mijini, mbali na moto wenyewe. Tatizo ni kwamba moto wa kupangwa, ule unaowashwa ili kupunguza majani makavu kabla ya msimu, nao hutoa moshi. Mei 2016 moshi wa aina hiyo uliifunika Sydney kwa siku kadhaa, na wataalamu wakakadiria kuwa ulichangia vifo vipatavyo 14. Kwa hiyo mtabiri wa hewa, daktari wa mapafu na mkuu wa zimamoto sasa wanabishana juu ya siku zipi za kuchoma na zipi za kuacha: upepo unaopeleka moshi baharini unaweza kuwa ndio huohuo unaoupeleka moto kwenye nyumba, na siku tulivu zinazofaa kuchoma ndizo ambazo moshi hulala bondeni, madirishani mwa watoto wenye pumu.