Dawa ya kutanua mboni ya jicho: tone moja linatosha

Usiku mmoja mama aliniletea mtoto wa miaka mitatu akiwa na majibu ya kipimo cha malaria mkononi. Wadudu hawakuonekana, lakini mtoto alikuwa wa moto, ngozi na mdomo vimekauka, moyo unakwenda mbio, na alikuwa akinyoosha mkono kushika vitu ambavyo havipo. Nilipommulika macho, mboni zilikuwa kubwa na hazikusinyaa.

Nilimuuliza mama kama kuna dawa yoyote ya macho anayoitumia mtoto. Akatoa kichupa cha atropini kwenye mkoba. Aliandikiwa tone moja asubuhi na jioni kwa siku tatu, kabla ya mtoto kupimwa miwani. Mtoto alikuwa akilia na kufumba macho, mama akawa hana hakika kama dawa imeingia, hivyo akaongeza tone la pili, la tatu, hata la nne. Mtoto alilazwa na akapona. Mama yule hakuwa mzembe. Hakuna aliyekaa naye akamweleza.

Mboni ni tundu jeusi la katikati ya jicho. Mwangani husinyaa, gizani hutanuka. Daktari akitaka kuona retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, huhitaji tundu hilo liwe pana. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari huwekewa matone haya anapokwenda kuchunguzwa macho. Kwa watoto, baadhi ya matone haya pia hulegeza msuli wa jicho ili namba ya miwani ipatikane kwa usahihi. Kwa hiyo usiyakatae matone haya. Yanaokoa uwezo wa kuona.

Lakini hayafanani. Tropikamaidi kwa kawaida huisha baada ya saa 4 hadi 6. Saiklopentoleti huweza kuchukua siku nzima. Atropini huweza kuacha mboni imetanuka kwa wiki moja hadi mbili. Uliza umewekewa ipi.

Kabla ya kuwekewa, mwambie mhudumu kama una presha ya macho, au ndugu yako wa damu anayo. Sema pia kama una shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, kwa sababu fenilefrini huweza kupandisha shinikizo. Taja ujauzito na kunyonyesha. Kwa mtoto, eleza kama alizaliwa njiti, ana kifafa au ana ugonjwa wa Down.

Baada ya kuwekewa, maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu na jua litakuumiza. Njoo na mtu wa kukusindikiza, vaa miwani ya jua au kofia, na usiendeshe gari, bodaboda wala mashine mpaka uone vizuri.

Kama umepewa dawa ya kumwekea mtoto nyumbani, fanya hivi:

1. Nawa mikono. Hakikisha jina la dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na jicho lipi linalohusika.
2. Mlaze chali. Vuta kope la chini taratibu, weka tone moja. Ncha ya kichupa isiguse jicho.
3. Akifumba macho kwa nguvu, weka tone kwenye kona ya ndani, karibu na pua. Akifumbua, litaingia lenyewe.
4. Bonyeza kona hiyo kwa kidole kwa dakika moja hadi mbili. Hapo ndipo ulipo mlango wa njia ya machozi inayopeleka dawa puani na kooni, na kutoka huko huingia kwenye damu.
5. Futa dawa iliyomwagikia shavuni, kisha nawa mikono yako na ya mtoto.

Jicho halina nafasi ya zaidi ya tone moja kwa wakati. La pili humwagika nje au hupita kwenye njia ya machozi. Ukiliona tone limegusa jicho, acha hapo. Ukikosa kabisa, likaenda shavuni, futa na urudie mara moja tu.

Acha dawa na wahi hospitali mtoto akipata homa, ngozi kavu ya moto, mdomo kukauka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida. Beba kichupa chenyewe. Malaria nayo huleta homa, kwa hiyo apimwe, lakini taja dawa ya macho hata kama hujaulizwa. Mtu mzima akipata maumivu makali ya jicho, kichwa kuuma, kutapika au kuona duara za rangi kuzunguka taa, hiyo huenda ni presha ya macho iliyopanda ghafla. Asisubiri kukuche.

Funga kichupa vizuri, kiweke mbali na watoto, maana kukinywa ni hatari kubwa. Usimwazime jirani mwenye jicho jekundu. Matibabu yakiisha, rudisha kilichobaki kwenye duka la dawa au hospitali.

Na kabla ya kutoka kliniki, mwombe muuguzi akuangalie ukiweka tone la kwanza mwenyewe. Ni haki yako.