Herufi za Mpox: kazi ambayo binti zetu wanaweza kujifunza

Wamama wenzetu, Mpox ilipoanza kusambaa Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu ya Kusini, mwezi wa Septemba 2023, wengi wetu tulikuwa tumezoea shauri moja: muepuke nyama ya porini. Shauri hilo si baya. Lakini watu wa Kamituga walikuwa wanaambukizana wao kwa wao. Hadi Januari 2024 maabara ilikuwa imethibitisha wagonjwa 108, zaidi kidogo ya nusu wakiwa wanawake. Jambo hilo lilieleweka vizuri zaidi kwa sababu kuna watu, wakiwemo Wakongomani wa INRB, waliokaa mbele ya ordinateri wakasoma herufi za virusi.

Herufi gani? ADN ya Mpox imeandikwa kwa herufi 4 tu, A, C, G na T, zikifuatana karibu 197,000. Mashine inayozisoma haitoi kitabu kizima. Inatoa vipande vingi vilivyochanganyika, na vingine vina makosa. Hapo ndipo bioinformatiki inapoanza: kutupa vipande vibovu, kupanga vinavyobaki juu ya mfano unaojulikana, kisha kutazama ni wapi pamebadilika. Mwanafunzi hufundishwa mapema asiamini herufi iliyosomwa mara moja tu. Vipande vingi vikubaliane kwanza. Kiswahili kinaita kazi hii kuchambua, neno lile lile la mchele na maharagwe, na anayeharakisha atapika na mawe.

Uchambuzi wa Kamituga ulionyesha alama nyingi za aina moja, zile ambazo kinga ya mwili wa mtu huziacha kwenye virusi inapopigana navyo. Ni ishara ya virusi vinavyopita kutoka mtu hadi mtu. Ulionyesha pia jambo linalotutisha zaidi: kipande cha herufi kama 1,100 kilikuwa kimepotea, na ndani yake mlikuwa na sehemu ambayo kipimo kimoja cha Mpox ya aina ya kwanza huitafuta. Kwa kipimo hicho peke yake, mama angeweza kuambiwa kwamba mtoto wake hana ugonjwa huo.

Binti aliyemaliza biolojia-kemia hana haja ya kungoja mashine ili aanze. Herufi za virusi vingi zimewekwa bure katika intaneti, na Galaxy inamwezesha kujizoeza bila kulipa, kwa kuwa kazi nzito inafanyika kwenye ordinateri za mbali. Amri za Linux na Python zitafuata. Kinachomzuia ni umeme, megabaiti, na masomo mengi kuwa ya Kiingereza. Kwa maoni yetu, likelemba inayochangia harusi inaweza kuchangia pia megabaiti.

Kuna jambo tunaloomba lifundishwe pamoja na amri hizo. Kamituga, karibu 3 kati ya 10 ya waliothibitishwa walikuwa wakifanya biashara ya ngono, na majirani ni wepesi wa kutafuta wa kulaumu. Mti wa ukoo unaochorwa mwishoni mwa uchambuzi huonyesha virusi vipi ni ndugu wa karibu. Peke yake hauthibitishi nani alimwambukiza nani. Basi jina la mgonjwa lisifike kwenye ordinateri ya mchambuzi. Namba, tarehe na eneo vinamtosha.