Kompyuta Iliyofunikwa Blanketi

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie habari ya kompyuta iliyobebwa kama mtoto mchanga.

Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko California, watu walikuwa wakitengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2. Siku moja mtu akaandika amri ya kufuta, nayo ikaanza kuila filamu. Kofia ya mwanasesere Woody ikatoweka, kisha buti zake, kisha Woody mwenyewe. Wakakimbilia nakala za akiba. Kumbe zilikuwa na kasoro na hakuna aliyezikagua. Ndipo mfanyakazi mwenzao, Galyn Susman, akakumbuka: alikuwa amejifungua, akawa anafanyia kazi nyumbani, na kompyuta yake ya huko ilikuwa na nakala. Wakaifunika mablanketi, wakaifunga mkanda kwenye kiti cha gari, wakaenda nayo taratibu hadi studio. Filamu ikaokoka, ikatoka mwaka 1999.

Sasa mnaniuliza: picha za harusi ya shangazi na za marehemu babu yenu tuziweke kwenye wingu, au tununue diski ngumu ya nje?

Diski ngumu iko mkononi mwako. Ukishainunua, haidai bando wala malipo ya kila mwezi. Lakini ndani yake mna sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake bila kuzigusa. Ikianguka kutoka mezani, kichwa hicho huweza kuzikwaruza, na picha zikaenda. Mwizi naye akiingia, huibeba pamoja na kompyuta.

Wingu nalo haliko angani. Ni majengo yaliyojaa kompyuta, mbali na hapa. Simu ikizama baharini, picha zinabaki kule. Google hutoa GB 15 bure, zinazotosha picha kama 5,000 za MB 3 kila moja, ila barua pepe nazo hula humo humo. Lakini hata jengo huungua. Tarehe 10 Machi 2021, kituo cha kompyuta cha kampuni ya OVHcloud kiliungua Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wasiokuwa na nakala kwingine wakapoteza walichohifadhi. Tena, simu ikiwa imeunganishwa na wingu, ukifuta picha huku, mara nyingi hufutika na kule.

Kwa hiyo mimi sichagui kimoja. Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh alifundisha kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 ikae mbali na nyumbani. Kwetu basi ni simu, diski ngumu kabatini, na wingu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya picha huoza, tena kimya kimya. Wale wa Pixar walikuwa nayo, wakaikuta imeoza siku ya shida. Basi kila sikukuu tukikusanyika, fungueni diski, fungueni na wingu, mtazame kama babu yenu bado anacheka.