Mafuta ya Mwarobaini: Maji Ndiyo Adui

Mwanachama atengenezaye mafuta ya ngozi kwa nazi na mwarobaini hana budi kujihadhari na maji. Jani bichi lina maji, nayo huleta ukungu ndani ya chupa.

Majani yaanikwe kivulini hadi yavunjike mkononi, yatiwe katika chombo kikavu na kufunikwa kabisa kwa mafuta. Chombo hicho kiwekwe ndani ya sufuria ya maji ya moto, juu ya moto mdogo, kwa saa mbili. Yakipoa, yachujwe kwa kitambaa safi na kikavu, yahifadhiwe gizani, na chupa iandikwe tarehe.

Katibu asipokee mafuta yenye ukungu au harufu mbaya. Tena, mtoto asinyweshwe kamwe: ni ya kupaka tu. Chupa moja mbovu hukifukuzia chama wanunuzi wake.