UTI WA MGONGO WA INJINI
Namna ya kuchagua krankishafti imara kwa chombo chenye nguvu nyingi

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kutoka mdomo wa Mto Ruvuma kupita Palma hadi Mocímboa da Praia, bahari ndiyo barabara kuu. Wazee walisafiri kwa kungojea kaskazi na kusi. Siku hizi vyombo vingi hufungwa injini, na abiria huuliza kwanza kama injini ni nzima. Umuhimu wa jambo hilo ulidhihirika mwezi Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa na maelfu ya wananchi, wake kwa waume na watoto, wakakimbilia Pemba kwa njia ya bahari. Siku kama hiyo injini hubeba roho za watu.

Si ajabu basi kwamba mwenye chombo hutamani injini yenye nguvu zaidi. Yuko anayechukua injini ya dizeli ya lori akaifunga katika mashua, kisha akamtaka fundi aongeze tabochaja, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya silinda, na kuzidisha dizeli ili nguvu za farasi ziongezeke. Mara nyingi husahau kuuliza kama krankishafti itaustahimili mzigo huo.

Kazi yake

Pistoni hupanda na kushuka tu. Krankishafti, kwa viwiko vyake, huugeuza mwendo huo kuwa mzunguko unaoendesha rafadha. Injini ya silinda 4 ya mapigo manne, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvipa viwiko hivyo vishindo 4,000 kila dakika, yaani 240,000 kwa saa. Hewa na dizeli zikizidishwa, kila kishindo huwa kizito zaidi. Mizunguko ikipandishwa kutoka 2,000 hadi 3,000, mvuto wa pistoni juu ya kiwiko hufikia mara mbili na robo ya ule wa kwanza. Chuma nacho huchoka kama mwanadamu. Ufa mwembamba kama unywele huanzia katika kona ambapo shingo inaungana na mkono wake, hukua kimya kimya, na siku moja shafti hukatika.

Kusubu na kufua

Ziko krankishafti za kusubu, ambazo chuma chake kimeyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Na ziko za kufua, ambazo chuma cha pua kimepashwa moto na kugandamizwa kwa nyundo kubwa za mtambo. Ya kusubu ni rahisi kwa bei na yafaa kwa kazi ya kawaida. Kwa injini iliyoongezwa nguvu hapana budi kuchagua ya kufua, kwa sababu chembe za chuma chake hushikamana na kufuata umbo la shafti. Zilizo bora zaidi ni za chuma cha pua kilichochanganywa na nikeli, kromu na molibdeni.

Mnunuzi aweza kuzitambua kwa macho. Katika mikono ya ile ya kusubu huonekana mstari mwembamba, alama ya maungio ya kalibu. Katika ya kufua alama hiyo ni pana, na kwa kawaida imesagwa.

Kabla ya kulipa

Aghalabu inayopatikana ni krankishafti iliyokwisha kutumika. Isiogopwe kwa sababu hiyo tu, bali ichunguzwe. Ioshwe, ining'inizwe kwa kamba na kugongwa taratibu: ikilia kama kengele ni dalili njema, ikitoa sauti butu itiliwe shaka. Kisha shingo zipakwe mafuta ya taa, zifutwe hadi zikauke na kupakwa chaki. Penye ufa mafuta yatatoka na kuilowesha chaki. Karakana yenye kipimo cha sumaku itathibitisha zaidi.

Aidha, mnunuzi aulize shingo zimesagwa mara ngapi. Kila zinaposagwa hupungua, kwa kawaida robo ya milimita, na beringi nene zaidi hutakiwa. Ikiwa ngozi ngumu ya juu ni nyembamba, kusaga kwaweza kuimaliza, na hapo yapasa shafti igumishwe upya. Kona za shingo ziwe za mviringo laini. Fundi anayeziacha kali ameufungulia ufa mlango. Mwisho, shafti isawazishwe uzito pamoja na flaiwili, na puli ya mbele yenye mpira isiachwe, kwani huzuia mtetemo wa kusokota.

Nguvu kiasi gani?

Nguvu mara mbili haileti mwendo mara mbili. Ili rafadha ileile izunguke kwa kasi zaidi kwa robo moja tu, injini yapaswa kutoa takribani nguvu maradufu. Jahazi lililosheheni mzigo litakunywa dizeli nyingi na kufika mapema kwa muda mchache tu, hali krankishafti imebebeshwa mateso ya safari nzima.

Hesabu hiyo yafaa kufanywa nyumbani, mume na mke pamoja, kwa kuwa fedha ya injini hutoka katika mfuko uleule wa unga na daftari za watoto. Zikitosha kwa kimoja tu, zinunue krankishafti nzuri, beringi mpya na oili safi, na tabochaja ingoje. Oili ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia; injini isiwashwe tena hadi chanzo kipatikane, maana beringi zikiungua krankishafti nayo huharibika. Chombo kinachokwenda polepole hufika na abiria wake, lakini chombo kilichokatikiwa na shafti katikati ya mkondo hakina pa kushika, na kusi haimwonei mtu huruma.