Mume wa Mwananchi Asiwe Mgeni wa Daima

Tarehe 30 Oktoba, 2022, liliwekwa jiwe la msingi la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Msalato, kaskazini ya mji wa Dodoma, upande wa barabara iendayo Kondoa na Arusha. Njia ya kurukia ndege iliyopangwa hapo ni ya kilometa 3.6, na madhumuni yake ni kwamba ndege kubwa ziweze kutoka nchi za mbali na kufika moja kwa moja katika makao makuu ya nchi. Msalato, mahali palipozoeleka kwa mnada wa mifugo na kwa shule yake ya wasichana, palichaguliwa pawe mlango wa taifa. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini nchi inayojenga mlango yapasa ijiulize pia swali hili: je, wote watakaopita hapo ni wageni wa namna moja? Mtalii ni mgeni. Mfanyabiashara ni mgeni. Je, mume wa binti yetu naye ni mgeni?

Tuchukue mfano. Mzee mmoja wa Msalato, wala hatumsemi mtu fulani bali twatoa mfano tu, ana watoto wawili, mvulana na msichana. Wamelelewa katika nyumba moja. Wote wawili wanafanya kazi, wanalipa kodi na kupiga kura. Mvulana ameoa mwanamke wa Kijerumani. Msichana ameolewa na mwanamume wa Kijerumani. Ndoa zote mbili zimefungwa hapa nchini chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, baada ya taarifa ya siku 21 kama sheria hiyo itakavyo. Mzee akiulizwa atajibu kwamba amepata mkamwana na mkwe, na kwamba wote ni watoto wake.

Sheria haijibu hivyo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yampa yule mkamwana haki ya kuomba uraia wa tajnisi kwa sababu ameolewa na raia, na aweza kuomba wakati wowote maadamu mumewe yu hai, iwapo yu tayari kuacha uraia wake wa zamani. Mkwe hana haki hiyo. Kwake yeye ndoa si sababu. Yampasa kupita njia ile ile ya mtu asiye na ndugu wala jamaa nchini: awe amekaa hapa miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na aonekane kuwa atalifaa taifa.

Na hiyo miaka 7 ataipata vipi? Hapo ndipo penye taabu. Viza ya kawaida ya matembezi hulipiwa dola 50 za Kimarekani, haizidi siku 90, na haimruhusu kufanya kazi. Akitaka kukaa, hana budi kupata kibali cha ukaazi. Akitaka kuajiriwa, hana budi kupata na kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni. Kibali hicho hutolewa kwa miezi 24, huombwa tena, na kina ukomo wake. Maana yake ni kwamba kukaa kwake na mkewe kwategemea mwajiri. Kiwanda kikifungwa au mkataba ukiisha, baba wa nyumba anakuwa mtu wa kuhesabu siku. Ndoa haina tarehe ya kwisha, lakini ruhusa ya kuishi katika ndoa hiyo ina tarehe, nayo imegongwa muhuri katika pasi.

Ni kweli kwamba mkamwana naye huhitaji kibali mpaka apate uraia. Lakini mkamwana auona mwisho wa safari yake, mkwe hauoni. Tena tusidhani kwamba anayeonewa hasa ni yule Mjerumani, maana yeye ana kwao. Anayeonewa ni mwananchi mwenzetu, yule dada. Yeye ndiye anayeambiwa kwamba uraia wake ni mzito alipao kodi, na mwepesi atakapo kukaa na mumewe. Wala hapa hatumlaumu karani wa Uhamiaji. Karani hufuata kitabu alichopewa. Kitabu ndicho chenye kasoro.

DESTURI YA NANI?

Wako wasemao kwamba hiyo ndiyo desturi yetu, mke humfuata mume. Jambo hili lafaa kutazamwa vizuri. Waluguru wa Morogoro, jirani zetu wa upande wa mashariki, hufuata ukoo wa mama, Wamakonde kadhalika. Nchi yenye desturi nyingi haiwezi kuchukua moja na kuiita desturi ya wote.

Asili ya kanuni hii katika vitabu vyetu yajulikana. Ni sheria ya Kiingereza. Tangu mwaka 1870 Mwingereza mwanamke aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake, na ilhali mgeni aliyeolewa na Mwingereza alihesabiwa kuwa Mwingereza. Sheria yao ya mwaka 1948 ilimwachia mwanamke uraia wake, lakini ikaendelea kumpa mke mgeni haki ya kuandikishwa na kumnyima mume mgeni. Tulipopata uhuru mwaka 1961 tulirithi mtindo huo. Waingereza wenyewe waliuacha kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari, 1983. Ni ajabu, basi, mrithi akilinda nguo ambayo mwenyewe amekwisha kuitupa.

Tena tukumbuke kwamba nchi hii haikuupata uraia wake bila ya kuufikiria. Mwezi wa Oktoba 1961, wajumbe wengine wa Baraza la Kutunga Sheria walitaka uraia wa Tanganyika ufuate rangi ya mtu. Mwalimu Nyerere alisimama akapinga, akasema wazi kwamba serikali yake ingejiuzulu iwapo Baraza lingekubali ubaguzi huo. Baraza halikukubali. Nchi iliyokataa kupima uraia kwa rangi haina sababu ya kuupima kwa kutazama kama mwenye nao ni mwanamume au mwanamke.

Na hatua moja imekwisha kupigwa. Kwa kanuni za mwaka 1961, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kwa baba yake tu. Sheria ya mwaka 1995 ikasema baba au mama. Basi binti wa Msalato leo aweza kumrithisha mwanawe uraia hata kama amemzaa Hamburg, lakini hawezi kumfungulia mlango baba wa mtoto huyo huyo. Katika nyumba moja mama ni raia, mtoto ni raia, na baba ni mtu wa kibali.

TUKIDAI, NA TUTENDE

Twajua pia machungu ya upande wa pili, pale Mtanzania anapotaka kumfuata mwenzake ng'ambo. Uingereza iliweka mwaka 2012 kima cha mapato cha pauni 18,600 kwa mwaka kwa yeyote atakaye kumleta mume au mke kutoka nje, na tarehe 11 Aprili, 2024, ikakipandisha hadi pauni 29,000. Mshahara anaoupata Mtanzania huku kwao hauhesabiwi. Hutazamwa hasa mapato ya yule aliye Uingereza. Kwa hiyo mfanyakazi wa mshahara mdogo huko, awe Mwingereza au mhamiaji, aweza kupenda lakini hawezi kuishi na ampendaye. Ujerumani nayo, tangu mwaka 2007, humtaka mume au mke aonyeshe cheti cha Kijerumani cha daraja la kwanza kabla ya kupewa viza. Mtu wa Dodoma husafiri kiasi cha kilometa 450 kwenda Dar es Salaam, ambako balozi nyingi zingali, akitafuta mafunzo, mtihani na miadi.

Tuna haki ya kuyalalamikia hayo. Lakini anayelalamika mlangoni kwa jirani yampasa kwanza aufungue mlango wake mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Majirani wametuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Uganda, katika Katiba yake ya mwaka 1995, ilitaja mtu aliyefunga ndoa na raia, bila kusema mume wala mke. Kenya, ambayo zamani ilikuwa na kanuni kama yetu, iliiacha katika Katiba ya mwaka 2010: aliyekaa katika ndoa na raia kwa miaka 7, awe mume au mke, ana haki ya kuandikishwa. Huko Botswana mwanasheria Bibi Unity Dow, aliyeolewa na Mmarekani, alikwenda mahakamani kwa sababu watoto aliowazaa nchini mwake katika ndoa hiyo walihesabiwa kuwa wageni. Alishinda katika Mahakama Kuu mwaka 1991 na katika Mahakama ya Rufani mwaka 1992, na sheria ikabadilishwa mwaka 1995. Botswana haikuvamiwa na waume.

Wako watakaosema: je, ndoa za hila? Je, ajira za vijana wetu? Maswali haya si ya kupuuzwa. Hapana shaka wapo watakaooa ili wapate karatasi. Lakini wapo pia watakaoolewa kwa nia hiyo hiyo, na hila haijui kama ni ya mume au ya mke. Dawa yake ni kuichunguza kila ndoa kwa kipimo kimoja. Iwekwe miaka ya ndoa, iwe 5 au 7 kama Wakenya. Watazamwe kama kweli wanaishi pamoja. Na mdanganyifu aadhibiwe. Kuhusu ajira, tujiulize ni lipi jema: mume mwenye afya akae nyumbani akilishwa na mshahara wa mkewe mwalimu, ama afanye kazi na kulipa kodi?

Haidaiwi hapa kwamba mlango uachwe wazi. Twadai mlango mmoja, wenye kizingiti kimoja, kwa mkamwana na kwa mkwe. Ibara ya 13 ya Katiba yetu yakataza ubaguzi, na kwa mabadiliko ya mwaka 2000 neno jinsia liliingizwa humo. Tangu mwaka 1985 nchi yetu imeridhia pia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotaka sheria zisimbague mwanamke. Bunge lipo Dodoma, na Makao Makuu ya Uhamiaji yapo Dodoma. Si mwendo mrefu kutoka Msalato. Yawapasa wafanyakazi, katika vyama vyao, na wananchi wote wenye mabinti, walifikishe jambo hili kwa wabunge wao, kwa adabu na bila ya kuchoka, mpaka kifungu kile kisomeke kwamba mwenye ndoa na raia, awe mume au mke, ana haki moja.