Sensa ya zamani haina jina la babu yako, lakini usikate tamaa

Mtoto wa marehemu kaka yangu alipotimiza miaka 18 alikwenda kuomba kitambulisho. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi wake wote wawili. Waliomhoji wakamtazama jina, wakamtazama uso, kisha wakamwuliza: babu wa baba yako alizaliwa wapi? Kijana hakuwa na jibu. Akaambiwa akalete karatasi ya kuonyesha asili yake.

Jioni ile alikuja kwangu akakaa kizingitini. "Ami," akaniuliza, "kwani sisi ni watu wa wapi?"

Nilimpa jibu nililopewa mimi nikiwa mdogo, kwamba asili yetu ni Arabuni, tukashukia Takaungu. Akaniuliza tena: "Karatasi iko wapi?" Hapo nami nikanyamaza.

Wapwani wenzangu, najua si nyumba yangu peke yake iliyofikwa na swali hilo. Ndiyo maana naandika njia niliyopita, pamoja na pale nilipopotea, ili wewe usipoteze nauli yako.

Wazo langu la kwanza lilikuwa sensa. Nilikuwa nimesikia kwamba Waingereza huwatafuta mababu zao humo, na ni kweli. Uingereza huzifungua karatasi za sensa baada ya miaka 100. Zile za mwaka 1921 zilifunguliwa Januari 2022, na mtu anaona jina la babu yake, umri, kazi na nyumba aliyolala usiku ule. Marekani husubiri miaka 72, na sensa yao ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Nikasema kama wao wanaweza, kwa nini mimi nisiweze? Nikapanda basi la usiku hadi Nairobi, kwenye Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue.

Nilichokuta ni vitabu vya hesabu. Idadi ya watu kwa wilaya, kwa kabila, wanaume mbali na wanawake mbali. Hakuna jina hata moja. Mama aliyenihudumia aliniona nimeduwaa, akaniambia kwa upole: "Mzee, hawa walihesabu vichwa."

Kuna sababu ya hilo. Sensa za mwanzo za wakoloni hapa Kenya, za 1911, 1921, 1926 na 1931, hazikumhesabu Mwafrika. Ziliwahusu wale walioitwa wasio wenyeji, yaani Wazungu, Wahindi, Wagoa na Waarabu. Mwafrika alikadiriwa tu kutokana na hesabu za kodi ya nyumba. Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika wa nchi nzima ilifanywa mwaka 1948, na hata hiyo, kilichochapishwa ni jumla. Zikafuata ya 1962, kisha ya 1969, na tangu hapo kila baada ya miaka 10. Majibu ya mtu mmoja mmoja ni siri kwa mujibu wa Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006, na siri hiyo ina maana yake, kwa kuwa bila hiyo watu wasingesema kweli.

Hata kabila lililoandikwa katika vitabu hivyo lisome kwa uangalifu. Sheria ya kodi ya mwaka 1910 iliwaweka Waswahili katika fungu la wenyeji. Kuandikwa Mwarabu kulibadilisha kodi uliyolipa na heshima uliyopewa ofisini. Basi usishangae ukoo mmoja ukionekana Waswahili katika daftari moja na Waarabu katika jingine.

Somo nililorudi nalo kutoka Nairobi ni kwamba mkoloni aliandika jina la mtu pale tu alipokuwa na haja naye. Kwa hiyo usiulize sensa iko wapi. Jiulize babu yako alikuwa na shughuli gani na serikali, na msikiti, au na kanisa.

Kama alikuwa na shamba, tafuta ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wapeleke madai yao ya mashamba. Waliodai waliandikwa. Wengi hawakupata habari, au hawakuelewa, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya serikali ya Mfalme wa Uingereza. Hapo ndipo ulipoanza msiba wa hao tunaowaita maskwota. Lakini hata kama mzee wako hakudai, angalia madai ya jirani yake, maana mpaka wa shamba huelezwa kwa jina la aliye upande wa pili. Gazeti rasmi la serikali, lililoanza kutolewa mwaka 1899, lina matangazo ya ardhi na ya mirathi, na matoleo mengi ya zamani yanasomeka bure kwenye intaneti.

Kama alifanya kazi ya kuajiriwa, tafuta kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kutumika baada ya vita vya kwanza, na kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kukibeba, kwa kawaida katika kikebe kilichoning'inizwa shingoni. Kilikuwa na jina, alama za vidole na maneno ya mwajiri. Wazee wetu walikichukia, na haki yao. Lakini ikiwa kimebaki sandukuni kwa bibi, usikitupe.

Kama familia ilipitia misheni, anza Rabai na Frere Town. Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ilianzishwa na wamisionari wa CMS mnamo 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini. Nyaraka nyingi za misheni hiyo ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Daftari za ubatizo uliza kanisani kwenyewe.

Na kama alioa Kiislamu, uliza kwa kadhi. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu hapa kwetu ilitungwa mwaka 1906. Mimi nilipata nilichopata hapo.

Ilinichukua safari nne na uvumilivu wa karani mmoja. Ukurasa wenyewe uliandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na ilibidi ustadhi wa mtaani kwetu anisomee. Ndoa ya babu yangu, mwaka 1927. Jina la bibi ndilo, la walii wake ndilo, na mahali ni Takaungu. Lakini jina la baba yake babu liliandikwa Feruzi, na mbele yake neno moja: Myao.

Aliyekulia Pwani anajua maana yake. Feruzi, Almasi, Marjani na Mabruki ni majina ya vito na baraka ambayo mabwana walipenda kuwapa watumwa wao. Na Wayao nchi yao ni kusini, karibu na Ziwa Nyasa, walikoletwa wengi kwa minyororo. Utumwa ulikoma kutambuliwa kisheria hapa Pwani ya Kenya mwaka 1907. Baba wa babu yangu alikuwa mtu mzima siku hiyo.

Nilimpelekea habari shangazi yangu, mwenye miaka 84. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja leso yake. "Mambo hayo tuliambiwa tusiyaseme," akasema. Nikamwuliza, na nani? "Na mama. Alisema mkisema, mabinti zenu hawataposwa."

Sikumlaumu bibi. Alikuwa akiwakinga wanawe kwa silaha pekee aliyokuwa nayo. Lakini fikiria: tuliyemficha kwa aibu ndiye aliyetutetea. Ukurasa ule ulionyesha kwamba ukoo wetu ulikuwa ukioa na kuzaa Takaungu kabla nchi hii haijawa na bendera. Nakala yake, pamoja na ushahidi wa shangazi, ndiyo iliyomfungulia kijana mlango. Kitambulisho kilitoka baada ya miezi saba.

Ukitaka kuanza, anza nyumbani kesho asubuhi. Makarani watakuwepo mwezi ujao, lakini mzee wako huenda asiwepo. Usimwulize alizaliwa mwaka gani, mwulize ilikuwa kabla au baada ya vita vya Mjerumani, au Mekatilili alipowainua Wagiriama. Mrekodi kwa simu akikubali. Andika kila jina kwa namna zote linavyoweza kuandikwa, kwani karani Mwingereza angeweza kumwandika Feruzi kuwa Ferooz au Firuz. Usiamini kila "bin" unayoiona, kwa kuwa aliyeachwa huru mara nyingine alichukua jina la bwana wake. Na ukikuta jambo zito, wapelekee wazee kwanza kabla hujalitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Juzi kijana alikuja kunisalimia. Amenunua daftari gumu, na mstari wa kwanza ameandika jina ambalo nyumba yetu haikulitaja kwa karibu miaka mia. Shangazi ameomba asomewe litakapojaa.